Filamu ya Mbele na Safari ya Tabora

Mwaka wenyewe ni huu tuliokula isombe, kisamvu chetu, bila karanga na kunywa chai huku tunatafuna muwa. Sukari ilikatika pamoja na barabara ya kaskazini, na aliyekuwa na vijiko vitatu alivificha hata kwa mume wake. Naandika hivyo ili atakayeuliza ilikuwa lini, mumwambie mwaka wa muwa. Ataelewa.

Mmeniuliza wote, kwa Asia penye cherehani, sokoni Kicukiro, hata msibani watu wananivuta ushungi: ilikuwaje? Nimechoka kusimulia vipande. Nimekaa na daftari na miwani ya marehemu mume wangu, naandika yote mara moja. Mimi nilisoma chuo cha Kurani na miaka miwili ya shule ya mapadri, mpaka waliponitaka nibadili jina. Mkikuta herufi imepinda, inyoosheni wenyewe. Habari za karatasi na mihuri sitaziandika. Zilinichosha mara moja, inatosha.

Kanda nne na barua moja

Bila filamu hakuna safari, kwa hiyo naanza na filamu. Mwanangu Swedi alikuwa mpishi Kiyovu, kwa wazungu waliofunga nyumba vita ilipoanza. Walimwachia televisheni, mashine ya video na kanda nne za filamu za nyota. Jina lake la Kifaransa hakuna aliyeliweza, tukaziita Kisima. Nyinyi mnazijua, mmezitazama sebuleni kwangu mpaka mkeka umetoboka. Asiyezijua asome hapa. Kuna dunia huko juu imekauka. Bibi mmoja mzee, mlinzi wa kisima cha mwisho, anapakia maji yote kwenye merikebu ya kuruka, anachukua watu wake, wanahama. Hiyo ni namba moja. Namba mbili, binti yake anapigana na wafanyabiashara wa jua, moto mtupu. Namba tatu, tanga la merikebu limechanika na watu wanakaa kushona. Namba nne, wanapotezana.

Namba moja ndiyo bora. Asia anasema namba mbili, lakini Asia anamtazama yule kijana mwenye mabega, hatazami filamu.

Mdogo wangu Rajabu ni fundi cherehani Tabora. Nilimbeba mgongoni akiwa na upele, na tangu alipoanza kusema hajawahi kukubaliana nami juu ya jambo lolote, iwe chumvi au siku ya mwandamo. Huko kwao kuna banda la video, na yeye pia amezitazama hizo filamu. Akaniandikia barua yenye mambo mawili. La kwanza: "Mlete Hadija nimfundishe kazi, mimi sina mtoto aliyeitaka cherehani." La pili: "Dada, filamu ya mbele ndiyo bora kuliko zote, usibishe."

Hadija ni mjukuu wangu, binti wa Swedi, ana miaka kumi na tisa. Kwa Asia alikuwa anashona vifungo na kupinda pindo kwa mkono, cherehani haruhusiwi kugusa. Na mwaka huu, vitambaa haviji, hata vifungo vyenyewe vilikuwa vinakwisha. Nilipomsomea barua alikwenda kufua nguo zake zote.

Mimi nikafurahi mara mbili. Nikamjibu Rajabu: "Hadija anakuja. Na nimefurahi hatimaye umekubali kwamba namba moja ndiyo bora. Umekawia lakini umefika."

Jibu lake lilikuwa mistari mitatu. "Nimekubali lini? Unanifanya mtoto asiyejua alichoandika. Mtu asiyeheshimu barua yangu asiniletee mjukuu wake." Nikaandika tena, hakujibu. Nikaandika mara ya tatu. Miezi minane, hakuna kitu. Hadija akarudi kwenye vifungo na akaacha kunitazama usoni.

Nikasema, barua haijibu, lakini mtu akisimama mlangoni lazima ajibiwe. Tukafunga mizigo.

Kigali hadi Rusumo

Niliweka kanda ya namba moja chini ya nguo, zawadi ya Rajabu. Mimi siendi kwa mtu mikono mitupu hata kama amenitukana.

Kwenye kizuizi cha kwanza mwanajeshi alitushusha wote kwenye basi. Akafungua kifurushi changu, akaishika kanda kama mtu aliyeshika panya.

"Hii iko nini, mama?"

"Iko filamu ya nyota."

"Nyota gani? Nyota ya nani?"

Watu wakaanza kunitazama. Hadija akanibana mkono. Nikamwambia, "Nyota za juu, mwanangu. Bibi mzee anahamisha kisima."

Akaigeuza, akasoma namba. "Aa. Kisima. Hii iko ya mbere."

"Yego. Ya mbere."

"Mimi napenda ile ya ine. Wanapotezana halafu hawaonani. Inauma." Akanirudishia kanda kwa mikono miwili, na abiria wengine hakuwapekua tena. Wakanishukuru kama mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo filamu. Sikukataa.

Kayonza tulikula ndizi za kuchoma na mishikaki ya mbuzi, yule mbuzi alikuwa mzee kuliko mimi. Rusumo tulivuka daraja kwa miguu, maporomoko yananguruma chini, matone yanaturukia usoni. Hadija alisimama katikati akafunga macho. Nikamwambia tembea, haya maji hayahami leo. Akaniambia, "Bibi, acha kidogo." Nikamwacha kidogo.

Lori la Masanja

Ng'ambo tulipata lori linalorudi Isaka. Dereva anaitwa Masanja, Msukuma, mtu mpana, anaendesha akiwa amevua viatu. Mbele nafasi ilitutosha sote watatu. Aliniita Bi Mkubwa kabla sijamwambia jina langu, nikaona huyu amelelewa.

Kabla ya Nyakanazi springi ilikatika. Tuliingia pale kwa mwendo wa bata, na tukakaa siku mbili kungoja nyingine itoke Kahama. Nyakanazi ni njia panda, malori, vumbi, na akina mama wanaopika. Hadija alikwenda kwa mama ntilie mmoja akaomba "wari na maharage."

"Unataka nini?"

"Wari."

"Wari hatuna, dada. Tuna wali."

Wakabishana hivyo, kila mmoja anadhani mwenzake kiziwi, mpaka nikainuka nikaonyesha sufuria kwa kidole. Lakini nitamsamehe yule mama mambo yote, kwa sababu chai yake ilikuwa na sukari. Sukari ya kweli, mpaka kijiko kinasimama. Nilikunywa vikombe vinne, cha tano nikakishika tu mkononi. Nikawakumbuka nyinyi na miwa yenu. Sikuona aibu.

Hapo ndipo Masanja aliponiuliza tunakwenda kufanya nini Tabora, nami nikamweleza kila kitu, kwa sababu siku mbili ni nyingi. Nikamweleza Rajabu na kiburi chake, jinsi anavyoandika jambo leo na kulikana kesho. Masanja alisikiliza, anakula.

"Bi Mkubwa, hebu nisomee tena hayo maneno ya barua."

"Nayajua kwa moyo. Filamu ya mbele ndiyo bora."

"Ya mbele."

"Ee, ya mbere. Namba moja."

Akaweka kijiko chini. "Bi Mkubwa, lori langu limeelekea wapi?"

"Kahama."

"Kahama iko wapi?"

"Iko mbele."

"Na Rusumo?"

"Nyuma. Tumeshaipita."

"Sasa ya mbele ni ipi? Uliyoipita au ambayo hujaifikia?"

Jamani, nyinyi mnajua sisi tunavyosema. Kwa Kinyarwanda mbere ni iliyotangulia, ya mbere ndiyo ya kwanza, na ulimi wetu hauna haja ya kutenganisha r na l. Nilikulia katika nyumba ya Waswahili, baba yangu alizaliwa Ujiji, na bado miaka sitini Kigali imeniosha sikio. Nilisoma mbele kwa macho, kichwani ikaingia mbere. Rajabu alisema filamu inayokuja huko mbele, ya mwisho. Mimi nikamshukuru kwa kusifu ya kwanza.

"Lakini ya mwisho ni namba nne," nikasema. "Na namba nne yeye mwenyewe aliniandikia ni upuuzi."

"Ipo namba tano," akasema Masanja. "Imefika Kahama tangu kabla ya mfungo. Nimeiona mara mbili."

Hadija alianza kucheka. Alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya meza ya watu. "Bibi, nyogokuru wangu, miezi minane mmegombana juu ya filamu ambayo hata hujaiona."

Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu ile barua ya mistari mitatu. Kwa hiyo sikumkemea. Lakini chai iliyobaki sikuimaliza.

Isaka

Treni ya kutoka Mwanza ilitakiwa ije jioni, ikaja kesho yake adhuhuri. Mkuu wa stesheni alikuwa anasema "inakaribia" kwa sauti ileile kila alipoulizwa, mpaka watu wakaacha kuuliza.

Asubuhi muuza karanga mmoja akakaa karibu nasi. Akaiona kanda, kwa maana nilikuwa nimeitoa niipanguse vumbi. Akasema yeye Kisima anakijua, ila ameona nusu tu ya namba mbili, kwa sababu jenereta la banda lao kila siku linaishiwa mafuta pale binti anapopanda mnara. Amelipia mara tatu, mara tatu binti amebaki kwenye ngazi.

"Anafika juu?" akaniuliza.

Nikamwambia mtu haanzi na mnara, akae nianze na kisima. Nikaanza namba moja. Nilipofika pale bibi mlinzi anapoonja maji ya mwisho kwa kidole, na kuamua kwamba nyumba si udongo ila ni watu, nikaona tumezungukwa. Watu kama ishirini, na mbuzi wao. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema huyo bibi ni mpumbavu, yeye asingeacha shamba lake. Mzee mmoja akamjibu shamba lisilo na maji ni kaburi kubwa. Wakashikana kwa maneno, mimi nikatafuna karanga za yule kijana, hakunidai hata moja.

Namba mbili niliimaliza treni inaingia. Muuza karanga alikimbia sambamba na dirisha. "Anafika juu, mama?"

"Anafika. Anakuta baba wa adui yake amelala."

Akasimama katikati ya reli nyingine, mikono kichwani, anacheka peke yake. Simjui jina, lakini nilimpa alichokuwa anakitafuta, na moyo wangu ukawa mwepesi mpaka Hadija akaniuliza utamwambia nini Babu Rajabu. Ukarudi kuwa mzito.

Tabora

Tulimkuta barazani penye cherehani zake tatu, futi shingoni, anampima mtu kiuno. Amezeeka. Nywele zimekuwa pamba. Alituona akaendelea kupima, akaandika namba kwa chaki ukutani, akamuaga mteja, ndipo akageuka.

"Dada. Nani kakualika?"

"Hakuna. Nimekuja kuomba radhi, kaa chini nisirudie."

Akakaa. Mkewe Tatu akatoka jikoni na mwiko mkononi, kwa sababu neno radhi halijawahi kutoka mdomoni mwangu katika nyumba ile. Nikamweleza: wewe uliandika mbele, mimi nilisoma mbere. Nilidhani umekubaliana nami, kosa ni la sikio langu.

Rajabu akajifuta chaki vidoleni. "Miezi minane," akasema, "nimenuna kwa ajili ya herufi moja."

"Na Hadija ameshona vifungo kwa ajili hiyohiyo."

"Kwa hiyo namba tano hujaiona."

"Sijaiona."

Akavua futi shingoni. "Vaeni viatu."

Banda la video liko mtaa wa pili, mabenchi na turubai madirishani. Rajabu aliongea na mwenye banda, wakaiweka namba tano mchana kweupe, watu saba tu ndani. Nitawaambia ukweli kwa sababu nyinyi ni wenzangu. Ni nzuri. Wanaifikia bahari. Wanakuta dunia yenye maji mpaka upeoni, na yule binti, sasa mtu mzima, anamimina maji ya kisima ndani yake, na unaona tone la nyumbani linavyoingia katika maji ya ugenini na kupotea. Nililia. Rajabu alinisikia nikipenga kamasi.

Lakini yule bibi mlinzi, anayetokea mwishoni kama ndoto, si yeye. Wameleta mwanamke mwingine wakamvika ushungi uleule. Pua siyo, mkono siyo. Wanadhani sisi hatuoni.

Alasiri tulikula wali kwa uyoga na asali ya kwao juu ya maandazi. Rajabu alikuwa mtamu kuliko asali, anajua ameshinda. Akasema, "Dada, umelia. Sasa sema tu mbele ya watu hawa, namba tano ndiyo bora, na binti aanze kesho asubuhi."

Alikuwa anatabasamu, ila mimi namjua. Alikuwa hatanii. Tatu akaacha kumimina chai. Hadija alinitazama, na macho yake yalikuwa yanasema kitu kimoja tu: Bibi, sema.

Ningeweza kusema. Ni maneno manne, yangetoka na kwenda. Lakini mtu anayekujua tangu mgongoni anajua pia unapomdanganya. Angemchukua Hadija kama mtu anavyopokea mzigo wa mgeni, na kila siku akikosea mshono angekumbuka kwamba bibi yake alimnunulia nafasi kwa uongo. Na zaidi ya hayo, si kweli. Bila yule mzee kupakia maji, hakuna aliyefika popote.

Nikasema, "Siisogezi. Namba moja inakaa palepale."

Hadija akaweka kikombe chini. "Nyinyi wawili," akasema. "Mnabishana moja na tano. Iliyo bora ni namba tatu."

Rajabu na mimi tukageuka pamoja. Katika dunia nzima juu ya jambo hilo moja, bila kujua, tulikuwa tumekubaliana, kwamba namba tatu ni ya kulalia.

"Namba tatu hakuna kitu, mwanangu," akasema Rajabu. "Wanakaa wanashona tanga."

"Ndiyo. Na wanalishona sawasawa. Mshono wa kupinda mara mbili, ncha zote zimefichwa ndani, kama suruali ya kazi. Ndiyo maana upepo wa jua haulichani tena. Katika hizo nyingine vitu vinapona tu, hujui vimeponaje."

"Mshono gani umesema?"

Akarudia.

"Nimeitazama mara nne. Sikuuona."

"Ulikuwa umelala, Babu."

Tatu akacheka kwenye ushungi wake. Rajabu hakucheka. Akainuka, akachana vipande viwili vya kaki kutoka kwenye robota, akamwekea kwenye cherehani ya katikati. "Nionyeshe."

Hadija alikuwa hajawahi kuruhusiwa kuendesha cherehani kwa Asia. Asia, naandika hili ulisome. Uzi ulikatika mara mbili. Mara ya tatu mguu wake ukapata mwendo, ukaenda taratibu mpaka mwisho, mstari umepinda kidogo katikati kama njia ya mbuzi. Akakata uzi kwa meno, akampa.

Mafundi hawatazami uso wa nguo. Rajabu alikigeuza kitambaa ndani nje, akakipeleka kwenye mwanga, akakivuta kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Akakivuta tena kwa upande. Hakuna kilichoachia.

"Usikate uzi kwa meno," akamwambia. "Kuna mkasi. Kesho saa mbili, hiyo ndiyo cherehani yako." Akaenda ndani, na nilimsikia anamuuliza mkewe kama kweli analala kwenye filamu.

Kurudi

Nilikaa siku sita. Kanda ya namba moja nilimwachia Rajabu juu ya cherehani yake. Siku ya tano Hadija alipewa kushona mfuko wa koti la mteja, na mteja hakuurudisha. Siku ya sita aliniosha kichwa, akanisuka, akaniambia nisimwambie Swedi kwamba alilia, kwa hiyo hilo sijaliandika.

Rajabu alinisindikiza stesheni. Treni ilikuwa imefika kwa wakati, jambo lililowatisha watu. Aliniwekea dirishani chupa ya asali na kilo mbili za sukari zilizofungwa kwenye kitambaa cha kaki, mshono nilioutambua. Akashika ukingo wa dirisha.

"Dada, binti ni hodari. Nimemchukua bila wewe kusema, na sitamrudisha hata useme nini. Sasa hakuna kinachokubana. Tuko wawili tu hapa. Niambie ukweli, ipi?"

Filimbi ikapigwa. Alikuwa anatembea sasa pamoja na behewa, mzee mzima, kanzu ameikamata kwa mkono mmoja.

Nikatoa kichwa nje, nikamwambia, "Siisogezi. Namba moja inakaa palepale."